Hotuba ya Mikono Iliyoliwa na Diski

Saa moja asubuhi, lori limeshatoka getini. Limebeba vitanda viwili, kabati lisilo na mlango, na matenga ya kuku yaliyopangwa hadi juu, kuku wenyewe wakilalamika kama abiria waliozidishiwa nauli. Nyuma yake anakuja mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, akipiga ubavu wa lori kwa kile cha mkononi.

"Simama! Wewe dereva, simama! Kuna harusi ya watu humo ndani!"

Dereva anatoa kichwa dirishani. "Mama, humu kuna kuku tu."

"Chini ya kuku!"

Lori linasimama. Mwanamke anavaa kiatu chake, anahema, anashika kiuno. Huyu ndiye Mama Kanda. Jina alilopewa na wazazi wake wanalijua mumewe na ofisi ya kodi, basi. Kazi yake ni kuhamisha video kutoka kwenye kanda za zamani kwenda kwenye diski, kisha kutoa nakala za diski hizo kwa anayezitaka. Harusi, mahafali, mazishi, kwaya, mikutano ya vyama: vyote vimepita mikononi mwake. Mumewe husema mke wake ameona harusi nyingi kuliko mshenga yeyote aliye hai, na bado nyumbani hajawahi kuona kipande cha keki.

Mwenye lori anashuka. Zamani alikuwa mpigapicha wa video, na mpaka leo, ingawa anafuga kuku, watu wanamwita Kamera.

"Shemeji, nahama mwenzio," anasema.

"Hama salama. Lakini usihame na kanda ya watu. Si nilikuambia jana nakuja?"

"Ulisema asubuhi."

"Na hii ni nini, magharibi?"

Kamera anakuna kichwa. Kanda zipo, anasema, zimo kwenye gunia. Gunia lipo chini. Chini kabisa, kwa sababu lilikuwa la kwanza kupakiwa.

"Basi tushushe."

"Tushushe kuku wote hawa?"

"Tutawashusha wote na tutawapandisha wote. Kwani wana haraka ya kwenda wapi?"

Wanawashusha. Dereva ananuna, lakini tenga la tatu linapofika chini ameshaanza kucheka, maana jogoo mmoja amepata mwanya na Kamera anamkimbiza mtaa mzima akimwita kwa majina yasiyofaa kuandikwa gazetini. Gunia linatoka likiwa na vumbi la pumba. Ndani yake mna kanda ndogo za video, kila moja kama pakiti ya sigara. Mama Kanda anachuchumaa barabarani na kuzigeuza mojamoja hadi anapoiona iliyoandikwa kwa kalamu ya wino: Binti wa fundi, ya tatu.

Anaifunga kwa leso na kuitia kifuani, mahali ambapo wanawake huweka vitu visivyopaswa kupotea.

Ili uelewe kwa nini mtu mzima afukuze lori la kuku, lazima umjue huyo binti wa fundi.

Baba yake alikuwa fundi cherehani, kiziwi tangu utotoni. Mkewe alifariki mtoto akiwa bado anabebwa mgongoni, na baba akamlea akisaidiwa na mdogo wake wa kiume, ambaye binti anamwita baba mdogo. Katika nyumba ile watu walizungumza kwa mikono. Binti alijua kuomba maji kwa vidole kabla ya kuyaomba kwa mdomo.

Siku ya harusi yake, baba alisimama mbele ya wageni kutoa hotuba. Aliwageukia wageni, mgongo kwa maharusi. Baba mdogo alishika kipaza sauti kutafsiri. Mikono ya fundi ilikwenda kwa muda mrefu, ilipanda, ilishuka, ilikata hewa kama mkasi. Kisha baba mdogo akasema kwa sauti: "Kaka anasema asanteni sana kwa kuja." Watu wakapiga makofi, chakula kikaletwa.

"Mimi niliona viwiko vyake tu," anasema binti, ambaye sasa ni mama wa watoto wawili na anaendesha duka la vifungo na uzi. "Nilijua amesema mengi. Asante haichukui muda wote ule hata kwa kiziwi mwenye baridi yabisi."

Alipomuuliza baba yake baadaye, mzee alitabasamu na kumjibu kwa mikono: utaona kwenye video.

Video ilikuja. Saa nne za harusi zimebanwa ndani ya diski moja, na juu yake kuna ukurasa wa kuchagulia wenye maua yanayocheza, mishumaa inayowaka na muziki. Binti aliiweka, akasogea hadi pale pa hotuba, akasogeza kiti. Pazia la nyuma lilionekana hadi kwenye pindo. Sura ya baba, alipotulia, ilionekana. Lakini kila alipoinua mikono, mikono iligeuka matofali. Vimiraba vya rangi ya ngozi vilirukaruka mbele ya koti, halafu mzee akashusha mikono na vidole vikarudi.

Mzee alikuwa amelipia video ile mwenyewe, kwa kushona sare za shule msimu mzima. Alipomuuliza binti kwa mikono, "Umeona?" binti akajibu, "Nimeona, baba."

"Ningemwambiaje?" anasema. "Alikuwa ananiangalia usoni, anafurahi. Nikasema nimeona. Na ukishasema umeona, huwezi kurudi tena kuuliza."

Miaka michache baadaye fundi akafariki. Kilichobaki cha hotuba ile kilikuwa ni matofali, na asante ya baba mdogo.

Binti alihangaika. Aliomba diski za ndugu, akidhani huenda ya kwake ndiyo mbovu. Za ndugu zilikuwa mbaya zaidi. Moja ilikuwa na jina na namba ya simu ya duka fulani vikipita chini ya picha, juu ya mikono ya marehemu kabisa. Nyingine ilikuwa imevutwa ienee kwenye televisheni pana, na ukoo mzima umenenepa. "Shangazi yangu hajawahi kuwa na mashavu yale," anasema binti. "Aliikataa diski, akasema huyo si yeye."

Ndipo mtu akamwelekeza kwa Mama Kanda.

Chumba cha Mama Kanda kiko nyuma ya kinyozi, ngazi tatu kwenda chini, pazia badala ya mlango. Ndani mna kompyuta mbili, mnara wa kunakilia wenye matundu saba ya diski, deki za kila aina ya kanda, na televisheni mbili: moja bapa ya kisasa, nyingine ya zamani yenye kitambi. Hakuna diski inayotoka pale bila kupimwa kwenye zote mbili. "Ya kisasa inakuonyesha uchafu," anasema. "Ya kitambi ndiyo anayo bibi kijijini. Diski ikikubali kwa bibi, imekubali."

Aliingia katika kazi hii kwa mlango wa masikio. Akiwa msichana, aliyeacha shule kwa kukosa ada, aliuza kaseti za muziki kwenye kituo cha mabasi, na kuzinakili kwa redio ya kaseti mbili. Hapo ndipo aliposikia kwamba kila nakala inaongeza mvua: shhh, shhh, mpaka mwimbaji anaimba chini ya bati. Akaanza kuficha kaseti ya kwanza, asiiuze kwa bei yoyote, na kunakili kutoka kwa hiyo peke yake. Wauzaji wenzake walimcheka kwamba analea kaseti kama mtoto. Wateja ndio waliokuwa wakivuka barabara kumfuata yeye.

Kaseti zilipokufa akahamia video, na sheria ile ikahama naye. Nakala haizai nakala. Ukitaka nyingine, unarudi kwa mama. Kila kazi ina diski mama, na diski mama haitoki ndani ya chumba hata ukija na polisi.

Sheria yake ya pili inamkosesha wateja. Hakubali kuweka zaidi ya saa moja na ushei kwenye diski moja ya kawaida. Harusi ndefu inakuwa diski mbili au tatu, na bei inapanda.

"Mteja anasema, jirani yako anaweka zote kwenye moja. Namwambia, hata begi la safari linafungika ukilikalia, lakini ukifika utavaa nini?" Anacheka, kisha anaeleza taratibu, kwa mkono, kama anayepima unga. "Mashine ina akili ya ubahili. Kitu kilichokaa kimya, pazia, ukuta, inakichora mara moja halafu inakiacha hapohapo. Kinachotembea inabidi ikichore upya kila mara. Sasa ukiinyima nafasi, itamwibia nani? Itamwibia anayecheza, haimwibii aliyekaa. Ndiyo maana kwenye diski nyingi za harusi meza ya mbele inapendeza, na wacheza dansi wameliwa."

Na duka linalotaka kuweka namba yake ya simu chini ya picha? Hilo haliwezi kunakili diski kama ilivyo. Linaifungua, linaandika juu yake, halafu linaibana tena. Kilichokuwa kimeibiwa mara moja kinaibiwa mara ya pili, na ya tatu kwa duka linalofuata.

Sheria ya tatu ni polepole. Mnara wake unaweza kuchoma diski kwa kasi kubwa, lakini yeye anauendesha kwa mwendo wa chini, kwa sababu diski iliyochomwa mbiombio hugoma kwenye deki kuukuu. "Mbio za sakafuni," anasema, na hamalizii.

Kazi haimtajirishi. Enzi za neema alichoma hadi nakala mia tatu kwa wiki, na mnara ule ukasomesha watoto watatu. Siku hizi wiki nzuri ni nakala thelathini. Watu wanatumiana video kwa simu, ambako zinabanwa zaidi, na hakuna anayelalamika kwa sababu kioo chenyewe ni kidogo. Nakala moja haifiki bei ya soda mbili. Kodi ya chumba haijui hayo.

Binti wa fundi alipokuja na diski zake nne kwenye mfuko, Mama Kanda aliziweka zote, moja baada ya nyingine, akasimamisha pale pa hotuba. Kisha akauliza:

"Mwanangu, hii mikono inasema nini?"

"Ndicho nilichokuja kuuliza, mama."

"Mimi sijui lugha hii."

"Mimi naijua. Nipe mikono tu, nitasoma mwenyewe."

Mama Kanda angeweza kufanya ambavyo wengi hufanya: kuongeza mwanga, kukoleza kingo, kutoza pesa. Hakufanya. "Kilichotupwa hakipo," alimwambia. "Nikikuchorea vidole, vitakuwa vidole vyangu, havitakuwa vya baba yako. Tumtafute mama wa hizi diski."

Mama wa diski ni kanda iliyokuwa ndani ya kamera siku ile. Ndipo alipompigia Kamera, aliyeipiga harusi ile; Kamera akasema hotuba imo kwenye kanda ya tatu, ila yupo kwenye kuhama, na kesho yake asubuhi likawa suala la lori.

Siku hiyohiyo mchana, watu watatu walikaa ndani ya chumba cha nyuma ya kinyozi: Mama Kanda, binti, na baba mdogo, ambaye alikuja bila kualikwa. Ni mzee mwembamba, mcheshi, fundi baiskeli mstaafu, na kwa miaka yote ameshikilia neno lake.

"Nilishawaambia alisema asante. Mnamtesa mama wa watu bure."

"Baba mdogo, asante gani ndefu vile?"

"Asante ya kiziwi ina matawi."

Mama Kanda alikuwa ameshasafisha kwa spiriti vichwa vya deki, vile vinavyosoma kanda. Aliifungua kanda kwenye mwanga wa dirisha akiangalia ukungu. Kanda ya umri ule, anasema, unaicheza mara moja, na mara hiyohiyo unairekodi kwenye kompyuta bila kuibana hata kidogo, kwa sababu huna ahadi ya mara ya pili. Akaitia. Akabonyeza.

Wakatokea vifaranga.

Vifaranga wa manjano, wengi, wakipiga kelele chini ya taa, na sauti ya Kamera ikisema: "Hawa ni wa wiki moja, afya nzuri, chanjo tayari." Kamera alikuwa ameitumia kanda ya harusi kumpigia mnunuzi picha za vifaranga wake.

Binti alifunika mdomo. Mama Kanda alitamka neno ambalo kinyozi aliyekuwa upande wa pili alilisikia, akasimamisha mashine yake ya kunyolea. Hakuna aliyethubutu kuigusa deki. Vifaranga waliendelea, wakala, wakanywa, mmoja akapanda mgongo wa mwenzake.

"Huyu mtu," alisema baba mdogo, "nitamlia kuku wake mmoja mmoja."

Halafu picha ikakatika, ikapita mistari myeupe, na ghafla, bila salamu, mikono.

Ilikuwa mikono yenye vidole. Kidole cha shahada cha kushoto kilikuwa na kovu la sindano, nalo lilionekana. Kidole gumba kilikuwa na kofia ya rangi nyeusi pale chaki na wino wa kitambaa vilipokuwa vimeingia na kukataa kutoka. Mikono ilikuwa katikati ya sentensi. Mwanzo wa hotuba umefunikwa na vifaranga na hautapatikana tena. Kuanzia pale mpaka mwisho, palikuwa safi.

Binti alianza kusoma kwa sauti, macho hayabanduki kwenye kioo.

"'...huyu mdogo wangu anayenitafsiria, msimsikilize sana. Ana njaa. Anaangalia sahani. Atawaambia nimesema asante.'"

Kwenye kioo, baba mdogo wa wakati ule, mwenye nywele nyeusi, alionekana kabisa akiangalia upande wa vyakula.

Mama Kanda ndiye aliyeangua kicheko kwanza. Binti akafuata, akacheka mpaka akashika meza, na baba mdogo akasema, "Sasa hayo mlitaka niyatafsiri mwenyewe?" wakacheka upya. Mashine ilikuwa bado inarekodi, hivyo hakuna neno la fundi lililopotea. Mama Kanda akarudisha nyuma kwenye kompyuta, siyo kwenye kanda, na binti akaendelea pale alipoachia.

"'Mwanangu yuko nyuma yangu. Haoni mikono yangu, na nimefanya makusudi, kwa sababu nikimwangalia sitamaliza. Ataona kwenye video.

"'Mwanangu, hilo gauni nimeacha kitambaa ndani ya mshono, vidole viwili kila upande. Ukinenepa, lilete nilifungue. Ukikonda, lilete nilipunguze. Ukilia, gauni liache hukohuko. Njoo wewe.'"

Hapo mikono ilishuka. Sauti ya kwenye kanda, ambayo haikuwahi kuharibika, ikasema: "Kaka anasema asanteni sana kwa kuja." Na makofi.

Baadaye binti alieleza kwamba mwaka wa pili wa ndoa yake ulikuwa mgumu, kwamba aliwahi kufunga nguo kwenye shuka na kuzifungua tena, kwa sababu alidhani baba yake, aliyejinyima vile kwa ajili ya harusi, angeona aibu kumwona amerudi. "Nilikaa nikavumilia. Mambo yalikuja kutengemaa, namshukuru Mungu. Lakini nililia peke yangu, na kumbe nilikuwa nimeitwa."

Baba mdogo alikuwa ameinama, anachezea kofia yake.

"Njaa ilikuwepo," alisema. "Sikatai. Lakini ile ya mwisho, ile ya 'njoo wewe', niliiona. Ningefungua mdomo ningelia mbele ya wakwe. Nikasema asante, nikakaa."

"Miaka yote hii, baba mdogo."

"Ulisema umeona kwenye video, mwanangu. Nikajua unajua."

Mama Kanda aliwaacha. Alikwenda kwenye meza yake akaanza kuandaa diski mama. Hotuba ile ni dakika chache tu, na aliipa diski nzima: hakuweka maua, hakuweka mishumaa, hakuweka muziki. Ukiitia inaanza yenyewe kwenye mikono. Mwanzo uliopotea hakuuziba kwa picha ya ile diski mbovu, ingawa ingewezekana. Alimwuliza binti, na binti akasema aache.

"Nimefanya kazi hii miaka mingi nikisafisha nyuso," alisema Mama Kanda akiwa anasubiri mnara umalize. "Leo nilikuwa nasafisha maneno, na siyajui hata moja. Nimeogopa kuliko siku zote. Uso ukikosea kidogo, utamjua mtu. Kidole kikikosea, amesema kitu kingine."

Alichoma nakala sita, kwa mwendo wa chini kabisa. Alikataa malipo ya zile saa za kushusha kuku. Pesa za diski alipokea.

Binti wa fundi bado ana duka la vifungo na uzi. Alimwonyesha mumewe diski ile, na mumewe akamwomba amsomee mara mbili. Watoto wao wanajifunza lugha ya mikono kwa baba mdogo, siku za Jumapili.

Baba mdogo anatafsiri kwenye mikutano ya chama cha viziwi. Wanasema anatafsiri kila kitu sasa, hata kikohozi.

Kamera anauza mayai. Jogoo aliyekimbia hakupatikana. Gunia la kanda alimwachia Mama Kanda, na hajaulizia tena.

Katika gunia hilo, kanda tisa zimeshahamishwa na wenyewe wamezichukua. Nne zilikuwa na ukungu, hazikufaa. Zilizobaki, Mama Kanda bado anawatafuta wenyewe kwa kuuliza mtaani. Anatafuta pia deki ya pili ya kanda ndogo, kwa sababu vichwa vya hii aliyonayo vimeanza kuchoka. Hajaipata.